Biskuti ya Pili ya Bibi Geertje

Wiebe Hoekstra hakuwahi kuiba. Mwizi huchukua bila kuomba, na Wiebe kila mara aliomba, tena kwa adabu zake zote. Jumamosi ile aliingia maktaba ya mji wetu wa Leeuwarden kukwepa mvua tu, akakuta chama chetu, cha watu wanaovalisha wanasesere wa kwenye kompyuta na kuwatengenezea picha. Mzee mmoja mwenye ndevu alikuwa akilipa euro tatu kwa buti zisizoshikika, huku anatabasamu. Wiebe akasahau mvua.

Muuzaji alikuwa Bibi Geertje Prins, mjane wa miaka sabini na moja. Duka lake la mtandaoni lilikuwa na vitu zaidi ya mia mbili: buti, sketi, kofia, viatu vya kutelezea barafuni. Vyote alichora mwenyewe, na kila kimoja euro tatu.

"Huyu mama anagawa dhahabu," Wiebe akajiambia. Angenunua duka zima, kisha buti zipande hadi euro arobaini.

Ila kwanza ilibidi zishuke. Jumanne akajisajili kwenye soko la mtandaoni lenye duka hilo kwa majina sita, na yote sita yakalalamika: Euro tatu? Siku hizi vitu hivi ni euro moja! Alhamisi akawa jikoni kwa Bibi Geertje, uso umemshuka utadhani kafiwa.

"Mama, soko limekufa. Umesoma wanavyosema? Niuzie mimi duka lote."

"Nimesoma, mwanangu. Nimelia." Akamimina kahawa, akampa biskuti, akafunga kopo. "Sasa bei ya haki ni ipi?"

"Ile mnunuzi anailipa bila kununa, na fundi anaipokea bila kulia."

"Umesema kweli. Basi euro elfu sita, maana chini ya hapo nitalia tena."

"Elfu mbili, mama! Mimi nakuokoa tu."

Wakavutana mpaka kahawa ikapoa, wakakubaliana elfu tatu na mia nane. Hizo ndizo pesa zote alizoweka Wiebe kwa miaka sita ili anunue gari la kulala ndani, akaote jua Uhispania. Mkataba aliuandika mwenyewe: duka na kila kinacholihusu, kuanzia leo, hakuna kurudi nyuma. Geertje akatia saini upesi, akafungua tena lile kopo.

"Chukua nyingine."

Hapa inanibidi nisimame kidogo kwa huzuni. Mzaliwa wa Leeuwarden anajua kwamba kahawa huja na biskuti moja, kisha kopo hufungwa. Mimi nimeishi hapa miaka kumi na tisa, na biskuti ya pili nimeiona msibani tu. Wiebe akaila, na mdomo umejaa akamsimulia Geertje habari za gari la bluu alilokuwa analitamani.

Ijumaa akapandisha bei hadi arobaini. Hakununua mtu. Badala yake zikamiminika barua elfu moja na ushei. Programu ya wanasesere ilikuwa imebadilishwa asubuhi hiyo, kama tulivyotangaziwa chamani tangu mwezi uliopita, na kila buti ilikuwa imechomoka mguuni. Sketi zilielea juu ya vichwa. Na soko lile lina sheria: mwenye duka hurekebisha bure hata kitu kilichouzwa miaka kumi nyuma, la sivyo anamrudishia kila mteja pesa zake kutoka mfukoni mwake. Wiebe alipewa siku saba. Hajui kuchora hata yai.

"Mama, nisaidie," akasema mlangoni kwa Geertje, na safari hii uso ulikuwa umeshuka wenyewe.

"Marekebisho yote ninayo tayari, ni kubonyeza tu. Lakini siwezi kugusa duka la mtu. Niuzie."

Wiebe akapumua. "Nirudishie zile zile tu, elfu tatu na mia nane."

"Euro moja."

"Mama! Hiyo ndiyo haki?"

"Sijasema mimi. Watu sita wamesema siku hizi vitu hivi ni euro moja. Wote walijisajili Jumanne moja, ndani ya saa moja, lakini ni watu wazima, watakuwa wanajua."

Wiebe akatia saini. Geertje akaweka euro moja mezani, akammiminia kahawa.

"Usinune, mwanangu. Hebu niambie, lile gari la bluu ulisema linauzwa wapi?"

Akampa biskuti moja, akafunga kopo.