Kengele ya Lifti Ilivyoyapita Majeshi ya Mpira huko Kileleshwa

Njooni, enyi mliostaafu na enyi mnaojifanya mna shughuli. Sogezeni viti, zimeni redio, mpate habari ya Bhoomi binti Rakesh, Mpima-Foleni, Mlinzi wa Waya Mmoja, aliyeitikisa Kileleshwa bila kuondoka kitini.

Jengo letu la ghorofa lina waya mmoja tu wa mtandao, na humo hupita kila kitu: filamu, mpira, kwaya, na kengele ya dharura ya lifti. Bhoomi, mhandisi wa mitandao, alikwisha piga hesabu akatupangia nani atangulie. Kengele kwanza, akasema, maana filamu ikichelewa mtu hununa, bali kengele ikichelewa si kengele tena, ni rambirambi.

Basi likaketi baraza tukufu la wapangaji, wajuzi wa kila wasichokijua.

"Mpira yangu pia ni dharura!" akanguruma Bramwel wa ghorofa ya pili. "Ikikwama, presha inapanda!"

"Na kwaya ya Mungu ingoje lifti?" akauliza Mama Ivyne.

Mwenyekiti Amarjit, Simba wa Kilemba, akainua mkono. "Beti, mwanangu, hapa hakuna mdogo. Wote ni dharura!"

"Anko, wote wakiwa wa kwanza, hakuna wa kwanza," akajibu Bhoomi.

Tukampinga kwa kauli moja, kwa makofi.

Jumamosi wakaja wakwe kumposa Kajal, binti wa Mwenyekiti. Amarjit akateremka kuwapokea, sinia ya ladu, vile vitamu vya mviringo, mkononi. Lifti ikamkwamisha kati ya ghorofa mbili. Akabonyeza kitufe chekundu. Kengele ikapanga foleni nyuma ya kona ya Bramwel na pambio la Mama Ivyne. Langoni, Sifuna askari, mwenye ufunguo wa lifti, akapiga miayo. Shangazi wa bwana harusi akafura: "Hata kupokelewa hakuna? Hii ni dharau. Turudi Ngara."

Ndipo Bhoomi, akiitazama foleni kwenye kompyuta yake, akaiona kengele imekwama. Mtauliza, mbona asimpigie Sifuna simu? Enyi watu wa mambo madogo! Shujaa hapigi simu. Akashusha kidole kama upanga, akaivunja amri ya baraza: kengele mbele! Mshambuliaji wa Bramwel akaganda mbele ya goli. Kwaya ikakatika kwenye "Hale—". Na kengele ikalia langoni: ting!

"Mzee amekwama kwa lifti! Wageni, msiende!" akapaza Sifuna, akitimua mbio na ufunguo.

Amarjit akatoka, kilemba upande, ladu moja imepungua. Shangazi akala ya pili, akasahau Ngara. Posa ikapokelewa.

"Kuanzia leo lifti ni ya kwanza!" akatangaza Mwenyekiti, kisha, kwa sauti ya chini, "Beti… kriketi yangu iwe ya pili, ama?"

Waandike wanaoandika: siku hiyo, Kileleshwa, kengele ililia kwa wakati wake. Bramwel hadi leo hajui kama goli liliingia.