Mzembe Aliyeiharibu Bunduki Yangu

Jumatatu, 7 Mei 1984

Nimeamua! Jumamosi chama chetu cha kulenga shabaha kinachagua mkuu wa ghala la bunduki. Mkuu huyo ni mimi. Si Godi. Godi ni kaka wa mke wangu Lisebeth, na ana kucha safi kupita kiasi. Kila mgombea ataleta bunduki kuukuu ya jeshi na kueleza hali yake mbele ya wanachama. Kazi ndogo. Kofia ya ukuu nimeshanunua.

Jumanne, 8 Mei

Kwa Kläy, fundi wa bunduki. Alikuwa nayo moja iliyokarabatiwa, aina ile ile tuliyobeba jeshini. Nikachungulia mtutu kwa muda mrefu, nikiguna kitaalamu. Mifereji ya ndani inang'aa! Kläy akasema ni lazima ing'ae, mtutu ni mpya, mti wa kitako tu, ule wa kuegemeza begani, ndio wa zamani. Nikamwambia hilo nililiona tangu mlangoni.

Halafu nikaigeuza. Masikini kitako! Chini kimeliwa na theluji, ubavuni kina kovu la kuungua, na kimejaa vishimo. Nikamuuliza Kläy anauza bunduki au kuni. Akapunguza bei.

Njiani kijiji kizima kilinitabasamia. Heshima imeanza! Nyumbani Lisebeth akauliza kwa nini nina duara la grisi jichoni.

Alhamisi, 10 Mei

Niliificha bunduki kwenye nyasi kavu za ng'ombe. Lisebeth kaiona. Akalipapasa lile kovu, akasema analijua, ila hakumbuki aliliona wapi. Nikamwambia makovu yote yanafanana.

Nilikuwa natafuta msasa na vanishi Godi alipopita. Akaniambia, shemeji, ukisugua tu, mihuri ya jeshi inafutika na unabaki na mguu wa meza. Anaogopa huyo! Nimeacha, lakini si kwa sababu yake.

Usiku usingizi haukuja, wazo likaja. Kila askari alikuwa akiweka kikaratasi chenye jina lake chini ya bamba la chuma la kitako. Mzembe wangu naye yumo humo! Na Godi alikuwa kikosi kimoja na mimi. Roho yangu inaniambia ni yeye. Nilitaka kufungua papo hapo. Nimejizuia. Tutafungua mbele za watu.

Jumamosi, 12 Mei

Sitaki kuandika, lakini naandika.

Nilianza vizuri mno. Mtutu, nikasema, salama salimini. Kisha nikakiinua kitako juu wakione wote. Nikawaambia mwenye bunduki hii alikuwa mvivu, akiichomeka kwenye theluji kama fimbo ya mchunga mbuzi. Kovu hili? Aliiegemeza kwenye jiko akasinzia. Na vishimo hivi? Mheshimiwa alikuwa akipasulia kokwa! Ukumbi ukavunjika mbavu. Nikamalizia kwamba mtu wa namna hiyo hafai kukabidhiwa hata ufagio.

Godi uso mwekundu. Mwenye hatia! Nikampa bisibisi yeye mwenyewe. Akafungua bamba, akatoa kikaratasi, akakisoma moyoni. Akaninong'oneza akiuliza kama kweli nataka kisomwe kwa sauti. Nikapaza yangu: soma, shemeji, usione haya!

Akasoma. Hansueli Röthlisberger.

Mimi.

Nikakinyakua, nikakisoma mwenyewe. Kisha kutoka nyuma, Lisebeth, kwa furaha ya mtu aliyekumbuka: "Kokwa za mama! Si ulizipasua siku ile ulipokuja kuniposa na bunduki yako ya jeshi! Na ukalala pale jikoni!"

Nilitamani sakafu inimeze. Godi kachaguliwa kwa mikono yote, hata wangu. Niliunyoosha kuomba kujitetea, wakauhesabu kuwa kura.

Jumapili, 13 Mei

Nimetafakari kanisani, wakati wa mahubiri. Kosa si langu hata kidogo. Nilimchambua yule askari bila kukosea neno, na mke wangu mwenyewe ni shahidi. Jicho la namna hiyo chama kitalipata wapi tena? Uchaguzi lazima urudiwe.

Ni kikaratasi tu kinachoniharibia. Basi kibadilishwe! Nimeandika kingine kwa mwandiko wa kijeshi: Gottfried Aebersold. Yaani Godi, jina kamili. Karatasi mpya niliichovya kwenye kahawa ili izeeke, ikalowa ikawa uji. Ya pili nikaikausha jikoni, ikaungua. Lisebeth akauliza kunanuka nini. Nikamwambia mkate.

Mwishowe nimepata dawa. Kinachotakiwa ni karatasi ya zamani ya kweli, ya jeshi, yenye rangi yake halali. Na ninayo! Nimeandika nyuma ya kile kile cha jana. Kinapendeza ajabu. Nimekirudisha, nimekaza skrubu, nimemwita mwenyekiti wa chama aje jioni ashuhudie, na Godi naye.

Nani atakigeuza? Kofia nimeshaivaa.