Yah: Baba wa Kwenye Filamu Aliyekubali Haraka Mno

Dolna Varovitsa,
Tarehe 3 Oktoba.

Kwa Bibi Zdravka Penelova,
Mkurugenzi wa Jumba la Utamaduni na Sinema yake.

Mheshimiwa Bibi Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, na kwamba kile kiti cha safu ya tatu kimekwisha kutengenezwa. Sikukivunja kwa makusudi. Mtu akisimama ghafla kwa uchungu, kiti nacho huwa na mambo yake.

Mimi ni Stamen Vardzhiev, fundi mstaafu wa pampu za maji za mji huu, mume wa Nevena, baba wa Yavor. Ndimi yule uliyemtoa nje Jumamosi kwa kummulika tochi usoni. Kwa tochi sikulaumu. Ninayoilaumu ni filamu. Jina lake sitalitaja, isije ikazidi kujulikana. Ni ile ya dereva wa basi ambaye mwanawe anamweleza kwamba mpenzi wake ni mwanaume. Naomba kwa heshima zote iondolewe mjini, kwa sababu hizi:

1. Baba yule anakubali haraka mno. Nimepima kwa saa yangu ya mkononi, ile niliyopewa na manispaa nilipostaafu. Kijana anasema neno lake, injini ya basi bado inanguruma, na zikipita sekunde arobaini na nane baba amekwisha kumkumbatia. Arobaini na nane! Mimi nilikuwa nikipigiwa simu kwamba bomba limepasuka, sekunde arobaini na nane zinaisha bado natafuta kiatu cha pili.

Mwanangu Yavor aliniambia habari hiyohiyo miaka sita iliyopita, uani kwetu, tukichoma hoho. Alisema, "Baba, yule Lyuben ninayekaa naye Plovdiv si mpangaji mwenzangu tu. Ndiye mwenzangu wa maisha."

Nami nikamjibu, "Geuza hoho, zinaungua."

Ndilo jibu nililokuwa nalo, Bibi. Na zilikuwa zinaungua kweli, Nevena ni shahidi. Baada ya hapo Yavor akarudi Plovdiv, nami nikanyamaza siku tisa. Siku ya kumi nikapakia garini chupa arobaini za lyutenitsa, ile rojo ya kupaka mkate, iliyotokana na hoho zilezile, nikaendesha mpaka Plovdiv, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tano kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu, na mlango ulipofunguliwa nikauliza, "Huyo mwenzio anakula vitu vikali?" Yavor akasema anakula. Nikasema, "Basi shukeni mnisaidie kubeba." Hivyo ndivyo tulivyolimaliza jambo hili katika ukoo wa Vardzhiev. Hapakuwa na muziki.

2. Maneno anayoyatamka. "Mwanangu, nakupenda vilevile ulivyo." Anayatamka mchana kweupe, bila kukohoa, bila kutazama pembeni, wala hajaonja hata tone la pombe ya rakia. Tangu filamu hiyo ianze kuonyeshwa mji hauna amani. Toshko mwokaji mikate alitoka sinemani akaenda moja kwa moja kwa mwanawe Plamen, mtu mwenye mke na watoto watatu, akamwambia, "Plamen, nakupenda vilevile ulivyo." Plamen akaangusha sinia la mikate. "Baba, daktari amekuambia nini?" Akamkimbiza zahanati. Wakampima shinikizo la damu, likaonekana zuri, wakampima tena kwa sababu hakuna aliyeamini.

Mke wa Gancho muuza nyama naye ameapa kwamba mumewe haonji supu mpaka atamke sentensi moja yenye neno "nakupenda" ambayo haihusu nguruwe. Gancho amekuja kwangu amekonda. "Stamen," ananiambia, "wewe ndiye mwenye mtoto wa namna ile, wewe ndiye mtaalamu. Haya maneno huwa yanaanzia wapi?" Nikamwambia sijui, kwangu yalianzia kwenye hoho. Akaondoka akaenda kununua hoho.

3. Chozi. Baba yule hutoa chozi moja. Moja, Bibi Zdravka, tena la jicho la kushoto, likateremka taratibu kama mgeni anayeshuka ngazi. Nimejaribu mbele ya kioo cha bafuni, kwa ajili ya uchunguzi. Machozi yalinitoka macho yote mawili, na pua, na kwikwi, hata Nevena akagonga mlango kuuliza kama bomba limeziba tena.

4. Mkwe. Yule wa kwenye filamu ni mwembamba, mpole, anadonoa chakula kama shomoro, na akicheza karata na mzee anakubali kushindwa kwa adabu. Wazazi watadanganyika! Lyuben wetu ni mwalimu wa jiografia, ana urefu wa mlango, anamaliza sinia zima la banitsa, ule mkate wa jibini, peke yake, na kwenye mchezo wa tavla hajapata kunionea huruma hata siku moja. Nikikawia kusogeza kete ananiambia, "Baba mkwe, leo umekuja kucheza au kuzihesabu?" Mimi baba mkwe wangu nilimwachia ashinde miaka ishirini, mpaka akafariki akijiona bingwa wa wilaya. Nevena anasema Lyuben ananifunga kwa sababu ananiona mtu wake, si mgeni. Huenda. Lakini kuhusu jambo hilo filamu haikutuonya mahali popote.

5. Sasa nafikia lile lililovunja kiti.

Mara ya kwanza tulikuja sote wanne. Walipokumbatiana wale wa kwenye basi, nikasikia mtu analia ubavuni mwangu. Yavor. Wala si chozi moja. Kilio cha nyumbani kwetu, chenye kwikwi. Nikakaa pale na pakiti yangu ya karanga nikiwaza: nimemlea mtoto huyu, nimemfundisha kuogelea, nimekesha naye alipougua surua, leo anamlilia dereva wa basi ambaye pengine hata leseni ya basi hana!

Tulipotoka tukakaa kwenye benchi lililo mbele ya jumba lako. Nikamuuliza, "Unamlilia nini mtu yule?"

"Simlilii yeye, Baba," akasema. "Nimekumbuka zile siku tisa. Siku ya tano niliacha kula. Lyuben alikuwa ananinywesha supu kwa kijiko."

Bibi Zdravka, hilo sikulijua. Miaka sita nimekuwa nikijisifu kwa ile siku ya kumi, nimewahadithia hata watu wa bodi ya maji, wala sikuwahi kuuliza siku ya tano ilikuwaje. Nilimwangalia Lyuben. Alikuwa anatazama viatu vyake, mtu mrefu vile, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Nikaamua nami niyatamke yale maneno, palepale. Nikavuta pumzi. Nikasema, "Yavor, mwanangu, mimi na..." Kikohozi kikanikamata. "Mimi nina... nina chupa nyingine kwenye gari."

"Najua, Baba," akasema, akaniegemea begani kama alipokuwa na miaka saba. "Najua."

Lyuben akainua kichwa. "Kuna zile kali?"

Tulicheka mpaka yule mama muuza karanga akatusogelea kuuliza kuna nini.

Ndipo nikarudi mara tatu zaidi, peke yangu, kuchunguza yule dereva anafanyaje. Natazama mdomo wake. Natazama shingo. Sioni siri yoyote. Mara ya nne, Jumamosi, uvumilivu ukanishinda, nikasimama nikapiga kelele: "Mwongo! Hakuna anayeweza haraka hivyo!" Kiti kikavunjika. Na utakumbuka kwamba kutoka safu za nyuma wanaume wasiopungua watano waliitikia, "Kweli!" Hao hukuwamulika.

Kwa hiyo naomba filamu iondolewe. Ikishindikana, basi irekebishwe hivi: kijana akishatamka neno lake, pazia la sinema liwe jeusi kwa siku tisa. Watazamaji wasiondoke. Wakae gizani wakiwaza. Nevena yuko tayari kuwaletea banitsa asubuhi na jioni, maji ya kunywa yatatosha, pampu nazijua mwenyewe, na wenye kazi wapewe barua ya ruhusa na manispaa. Siku ya tano mtu mmoja apite kati ya viti na supu na kijiko. Siku ya kumi taa ziwake, na baba aingie akiwa amebeba chochote alichonacho nyumbani. Akumbatie au asikumbatie, tutaelewana.

Naomba pia mwigizaji yule aletwe uani kwetu siku moja ya kuchoma hoho, aambiwe jambo zito bila kupewa karatasi ya maneno, tumpime kwa saa. Hatutamdhulumu. Atapewa chakula.

Nisalimie mumeo, na fundi wako wa mitambo ambaye huongeza sauti mahali panapowaliza watu, na yule mama wa karanga, na paka alalaye kwenye kibanda cha tiketi. Nevena anakusalimu na anauliza kama ulipata ile mbegu ya nyanya. Yavor na Lyuben wanakusalimu kutoka Plovdiv. Mmoja wao alinifunga tavla mara mbili jana kabla hawajaondoka, simtaji.

Mimi niliyetolewa nje lakini ninayekuheshimu ndani na nje,

Stamen Vardzhiev

Nyongeza: Tafadhali usiiondoe kabla ya Alhamisi. Jirani yangu Metodi, ambaye ana mwana huko Burgas na kwa miaka minne hajalitamka jina lake, amekuja leo asubuhi kwenye uzio wetu, akaniuliza filamu ile inaanza saa ngapi. Aliniuliza huku akitazama kabichi. Nimemwambia saa kumi na mbili jioni, na kwamba nitakwenda naye. Utuwekee viti viwili karibu na mlango, maana huenda akataka kutoka katikati kwenda kupiga simu.