Friji Iliyonyamaza

Chokochoko ilianzishwa na redio ya kinyozi. Mtangazaji alisema friji za siku hizi hazina haja ya mtu kuzungusha kile kitufe cha namba. Zinajipimia joto zenyewe, zinaongeza baridi na kuipunguza zenyewe. Pale kwenye benchi, kati ya kibanda cha kinyozi na bucha, kahawa zikaanza kupoa.

"Zenyewe?" Domo akaruka. Kazi ya Domo inayojulikana ni moja tu, kubisha. "Yaani friji inakaa inawaza, leo kuna joto, ngoja nikaze?"

"Kuna kidude ndani kinapima," kinyozi akajibu kutoka mlangoni, mashine mkononi, mteja wake akiwa amenyolewa upande mmoja.

"Kidude! Mke wangu ana macho mawili na bado anaunguza maharage, sembuse kidude?"

Breki alikuwa anatabasamu peke yake. Ni dereva mstaafu wa malori, na kwa kawaida yeye ndiye huanza kupiga kelele. Leo alitulia kwa sababu alijiona shujaa.

"Msibishane mbele ya mwenye nayo," akasema. "Binti yangu katuletea juzi. Na imeshakufa."

"Imekufaje?"

"Imenyamaza! Mimi nimeishi na injini maisha yangu yote. Injini ikinyamaza, unashuka unafungua boneti. Friji yangu ya zamani ilikuwa inanguruma mpaka majirani wanabembelezea watoto. Ikikohoa, naizaba kofi la ubavu, inaendelea. Hii mpya asubuhi nimeitegea sikio, kimya. Nimeizaba kofi, kimya. Na ndani kuna keki ya harusi!"

Benchi zima likamgeukia. Mkewe Breki wanamwita Mama Keki, na wote walijua kwamba keki hiyo ni ya mtoto wa dada yake, inachukuliwa leo jioni, na kwamba ameipamba usiku kucha huku akimfukuza kila aliyepita karibu. Asubuhi alikuwa ametoka kidogo kutafuta utepe.

"Sasa keki iko wapi?" kinyozi akauliza.

Breki akaelekeza kidevu kwenye bucha. "Nimeiokoa. Iko kwenye friza ya huyu bwana. Ile iko hai, inanguruma kama lori mlimani."

Mwenye bucha akatoka na kisu chake. "Lile boksi ni keki? Si uliniambia nikushikie mzigo? Breki, friza ile inagandisha paja zima la ng'ombe!"

"Breki, ndugu yangu," kinyozi akasema taratibu, kama anayempa mtu habari za msiba, "friji haijafa. Baridi imetosha, ikazima mota. Joto likipanda inaamka yenyewe. Ndicho hicho redio inachosema tangu saa ile!"

"Kwa hiyo ilikuwa..."

"Imepumzika!"

Breki akakimbilia ndani ya bucha. Alimpenda sana mkewe, na alimwogopa zaidi kidogo. Boksi likatolewa, likafunguliwa. Maua yote ya krimu yalikuwa mazima, ila yameota ukungu mweupe wa barafu. Domo akaigonga keki kwa kidole.

"Hodi?" akasema. "Hii hawaikati kwa kisu. Watakodi msumeno."

"Beba, beba, turudishe kabla hajafika!"

Wakaibeba watu wanne, yule mteja wa nusu kichwa akiwa wa nne, shuka la kinyozi bado shingoni. Hawakufika mbali. Mama Keki alikuwa anakuja mbio, simu mkononi.

"Baba, nani kaacha friji wazi? Imenitumia ujumbe kule sokoni kwamba mlango haujafungwa!"

"Kumbe na umbea inao," Domo akanong'ona, akakumbuka ana safari. Kinyozi akakumbuka mteja, mteja akakumbuka kichwa chake, na bucha ikawa na wanunuzi ghafla. Breki akabaki amekumbatia keki peke yake.

Mama Keki akaibonyeza. Akamtazama mumewe, akaitazama tena keki, kicheko kikamponyoka asitake.

"Shukuru Mungu harusi ni jioni. Utakaa nayo jikoni. Kila saa unaibonyeza chini, pasipo na ua. Ikiwa ngumu, iache mezani. Ikianza kulegea, irudishe kwenye friji. Friji inajiangalia yenyewe. Hii keki, otomatiki wake ni wewe. Na ole wako ulale."

Alasiri Domo akashindwa kuvumilia, akachungulia dirisha la jikoni. Breki alikuwa juu ya kigoda, mikono mapajani, ameikodolea macho friji iliyofungwa, keki imo ndani.

"Breki! Mbona kimya hivyo? Umekufa?"

"Sijafa," Breki akajibu bila kugeuza shingo. "Baridi imetosha. Nimepumzika."