Utoro wa Maji ya Kigwa

"Hayo maji ni yangu, nimeyakinga kwa jembe hili hili..."

"Mama, yalikuwa yako. Yalikuwa. Sasa yamehamishwa..."

"Yamehamishwa! Yameota miguu?"

"...yamehamishwa kwa heshima zote, na ukinyamaza nitamalizia."

Hivyo ndivyo Mama Veneranda wa Kigwa alivyoipokea habari njema. Mimi ni karani mkalimani daraja la tatu wa Ofisi ya Uhamisho wa Haki za Maji, kwa hiyo sikukasirika. Nilimwacha apumue, kisha nikaanza tena kusoma kutoka juu, maana tangazo la serikali halianzwi katikati kama ugali wa jana.

Lilisema: kuanzia Jumatatu, haki ya maji ya bonde la Kigwa inahama kutoka kwenye mpunga kwenda mjini Tabora, ambako itatunzwa vizuri zaidi. Mpunga unashukuriwa kwa utumishi wake.

"Na mpunga wenyewe utakunywa nini?"

Nikageuza karatasi nyuma. Hapakuwa na kitu. "Mpunga haumo," nikamwambia.

Alikuwa na majaruba matatu, vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta ya udongo ili mvua isimkimbie. Mpunga ulikuwa umefika gotini. Chakula cha nyumba yake cha mwaka mzima kilikuwa kimesimama pale, kinatusikiliza.

Mtaalamu wetu alikuwa Bwana Eustace, mhandisi wa kuhamisha maji, aliyeletwa kutoka ng'ambo kwa sababu hapa hatukuwa na mtu anayejua kuyahamisha bila ndoo. Alikuja na kiberenge cha reli, amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, mwavuli juu. Akachovya fimbo yenye alama kwenye bwawa la chini ya bonde, pale bomba lingeanzia, akaandika kurasa tatu. Ripoti ilisikitika kwamba wapagazi wa misafara ya zamani walikunywa hapo miaka mingi bila kibali hata kimoja. Halafu ikaja hesabu: majaruba yanakunywa nusu ya maji, basi tukiyanyima, Tabora itapata mara mbili.

Nikapiga makofi. Ni sehemu ya ukalimani.

"Mwambie bwana wako," Veneranda akasema, "kila asubuhi sisi wanawake tunayazunguka haya matuta, tunaziba mashimo ya kaa na panya kwa tope. Haya majaruba ndiyo yanayoshika mvua, halafu maji yanashuka pole pole mpaka kwenye hilo bwawa alilochovya fimbo. Tukiacha siku chache, mvua ikija tuta linapasuka, maji yote yanaenda porini."

Nilitafsiri neno kwa neno. Bwana Eustace akatandaza ramani, akaitazama kwa makini, mbele na nyuma.

"Kaa hawamo," akasema.

Amri ikatoka: mtu yeyote atakayegusa tuta, kwa jembe, kwa mkono au kwa mguu, ameiba maji ya mji. Miezi sita jela. Mlinzi akawekwa Masolwa, askari wa mtemi, mtoto wa mdogo wake Veneranda.

"Mama mkubwa," Masolwa akamsihi, "rudi nyumbani. Usinipe kazi."

"Mimi si mwizi," Veneranda akajibu. Akalaza jembe chini. Leonia jirani yake naye akalaza lake, na wenzao wote. Wakakaa pembeni wanatazama kaa wakifanya kazi.

Niliripoti kwamba wizi umekwisha kabisa. Nilipongezwa kwa barua.

Wiki ya kwanza maji yakafika Cheyo, mtaa wa Tabora mjini. Palikuwa na hotuba na tarumbeta. Wiki ya pili ikanyesha mvua kubwa. Matuta yaliyotobolewa kama chekeche yakaanza kubomoka adhuhuri, na kufika alasiri maji yote yalikuwa yameshaondoka kwenda porini bila kuaga. Wiki ya tatu bomba la Cheyo likakohoa mara mbili, likatema kaa mmoja, likanyamaza.

"Karani," akaniita Abbasi, muuza chai, birika tupu mkononi, "haki imefika, tumeiona. Maji yenyewe yanakuja na treni ya saa ngapi?"

Ofisi haikulala. Iliunda Kamati ya Kuchunguza Utoro wa Maji. Kamati ikagundua kwamba maji hayana nidhamu, tena huenda hayajasomewa amri. Nikaagizwa kuyasomea. Nikasimama mbele ya mdomo wa bomba, nikasoma kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyamwezi. Hayakujibu. Nikaandika: yamekaidi.

Ndipo Bwana Eustace akarudi Kigwa. Bwawa lilibaki tope. Mpunga wa Veneranda ulikuwa umeanza kuwa njano, na mvua zilizobaki zilikuwa chache. Akaokota jembe la Leonia, akapanda juu ya tuta, akainua.

"Bwana, shuka," akasema Masolwa. "Amri."

"Amri niliiandika mimi!"

"Ndiyo, bwana, kwa hiyo unaijua. Imeandikwa mtu yeyote. Ungejitoa kwenye karatasi, ningekuacha." Akampokonya jembe taratibu, kwa mikono miwili, kama anapokea zawadi.

Wanawake wakaangalia chini. Leonia akajiziba kicheko kwa ncha ya kanga. Mimi nikafungua daftari, nikachonga penseli, maana ilikuwa wazi kwamba sasa hivi mtu atafukuzwa kazi, na nilitaka jina liandikwe vizuri.

Bwana Eustace akashuka kwenye tuta, tope mpaka magotini. Akavua kofia. Akamwendea Veneranda pale alipokaa, akachutama mbele yake, mtu mzima yule, akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe bila kunitazama:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitika Veneranda, huku anasogeza miguu yake.

"Naomba uibe. Kama mwaka jana, wewe na wenzako wote, kuanzia kesho asubuhi. Na huyu mwanao, tafadhali, niombee atazame upande wa reli."