Kwa Nini Hamkunikamata Mimi

Butembo, komini ya Mususa
Jumatatu, tarehe 12 Machi 2001

Kwa Mukubwa Kamanda wa bariere ya kutokea mjini, njia ya Beni

Mukubwa Kamanda,

Kwa heshima zote, na kwa kalamu ambayo imekwisha kuwavunjia heshima wakubwa wote waliokutangulia kwenye kiti hicho, ninakuja mbele yako kulalamika. Jumamosi iliyopita askari wako walimkamata mtu kwenye bariere yako, na mtu huyo hakuwa mimi. Ninaomba kosa hilo lirekebishwe haraka.

Ili usipotee, nieleze kwanza sisi ni nani. Sisi ni chama cha watu wanne wanaotazama ndege. Kuna mimi, mwalimu wa zamani na mwandishi wa vijitabu. Kuna Mama Godelive, mkunga aliyestaafu, ambaye macho yake yanaona hata yale tusiyotaka yaonekane. Kuna Phinées, seremala. Na kuna Benoît, agronomu wa Serikali, aliyetumwa huku kutoka Bandundu, magharibi ya mbali, miaka sita iliyopita kuchunguza magonjwa ya kahawa, kisha vita vikafunga njia nyuma yake. Kila Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, mvua ikitupa nafasi na jua likitoka, tunapita kwenye mikaratusi mpaka bonde la matete, tunakaa kimya, tunatazama. Yaani wenzangu ndio wanakaa kimya.

Wazo lilikuwa langu. Nilisema kwamba mji ambao watu wake hawainui tena macho isipokuwa wanaposikia avioni ya vita ni mji uliokwisha kushindwa. Nilisema na mengine, kwa saa nzima, hata Phinées akakubali ili apate kurudi kwenye randa yake.

Unajua nchi yetu, Mukubwa. Mtu anayetembea bila karatasi ni mhalifu, na mtu yule yule akiwa na karatasi ni mjumbe. Basi nilipiga kwa mashine ordre de mission, karatasi ya kutumwa kazi, kama zile za maofisa: majina, kusudi la misheni (kutazama ndege), muda wa misheni (mpaka jua kuzama), na chini kabisa jina la chef de mission, mkuu wa msafara. Muhuri aliuchonga Phinées kwenye kiazi. Ulitoka vizuri kuliko ule wa komini.

Kwenye bariere, Sajini Michée hata hakuitaka karatasi hiyo. Alituuliza tu tunakwenda wapi. Nikamwambia. Akauliza, kwa adabu kabisa, "Ndeke ya namna gani, Papa?" Hapo ndipo nilipoanza kumweleza haki ya raia kutazama mbingu. Nilianzia kwa watu wa kale, nikapita kwenye mapinduzi matatu ya Ulaya, na nilikuwa ndiyo kwanza ninavuka bahari kuja kwetu aliponikatiza: "Mupite tu, Papa. Jua iko kali."

Mtu mwenye akili angepita. Mimi nilikataa kupita, kwa sababu sikuwa nimemaliza. Nikamtolea ile ordre de mission, aone kwamba tunaijua sheria. Akaigeuza, akaunusa muhuri, akasema karatasi yoyote yenye muhuri usiojulikana lazima chef wake aieleze kwenye biro, ofisini kwenu. Kisha akauliza chef ni nani.

Mukubwa, nimesema mbele ya maaskofu, mbele ya wakuu wa wilaya, na mara moja mbele ya mkutano wa watu mia tatu waliokuwa wakinizomea. Pale nilinyamaza. Benoît akainua mkono kama mwanafunzi. "Ni miye," akasema.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Katika watu wanne, askari wako walimchukua yule pekee ambaye hakuwa amesema neno. Sijui ni shule gani ya kijeshi inayofundisha hivyo. Mimi nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwa Sajini, nikimtemea mate kidogo, si kwa makusudi, kila nilipotaja uhuru.

2. Nimekuja kujitoa mara tatu. Jumamosi jioni Sajini Michée aliniambia nirudi nyumbani, mama watoto atanitafuta. Jana baada ya misa aliniambia biro imefungwa. Leo alfajiri alinipa muhindi wa kuchoma. Ninauliza, Mukubwa: mtu anayeandika dhidi ya utawala kwa miaka ishirini na miwili anastahili muhindi? Nilikula, lakini kwa uchungu.

3. Benoît hawezi kuwa hatari kwa mtu yeyote. Mwenye nyumba wake alipompandishia sauti, aliomba radhi kwa kuwa na masikio. Hana ndugu katika mji huu wala katika Kivu yote. Kifua chake ni kibovu, na unajua baridi ya Butembo inavyoingia usiku kwenye chumba kisicho na dari. Kila anapopanda kilima chetu cha mikaratusi anasimama mara nne kupumua, nasi tunajifanya tumeona ndege ili apumzike bila aibu. Huyo ndiye mnayemwita mpelelezi.

4. Hili ni gumu zaidi, na nimeliandika mara tano. Ordre de mission niliipiga mimi. Mahali pa chef de mission nilikuwa nimekwisha kupiga jina langu. Kisha nikafikiri: bariere ina askari kutoka mbali, wanasema Lingala, na Benoît anasema Lingala, yeye ni mtu wa Serikali, mimi ni mtu wa vijitabu, likitokea neno, heri limkute mtu wanayefanana naye. Nikafuta jina langu kwa vile vikaratasi vyeupe vya mashine, nikapiga lake juu yake. Wenzangu niliwaambia kwamba chama chetu ni cha kidemokrasia na uchef unazunguka. Wakafurahi. Benoît alifurahi kuliko wote, kwa sababu tangu afike huku hakuna aliyemchagua kwa lolote. Mukubwa, ukiinua karatasi ile kwenye jua utaona jina langu chini ya lake.

5. Daftari ambalo askari wako walilichukua pamoja naye ni langu, si lake. Ninasikia linachunguzwa. Ninaomba wachunguzi wako wasijichoshe. Katika Jumamosi nane nimeandika "ndege mdogo, kahawia" mara kumi na tisa, na "ndege mwingine" mara sita. Nimesoma vitabu viwili vizito juu ya viumbe hivyo, ninaweza kukueleza mifupa yao ilivyo na uwazi ndani, lakini ndege akitua mbele yangu sijui ni nani. Ndiyo maana Sajini aliponiuliza ni ndege wa namna gani nilikimbilia mapinduzi ya Ulaya. Mama Godelive ndiye anayewajua, kwa majina ya Kinande, na hajawahi kuyaandika kwa sababu hajawahi kuyasahau.

6. Mwisho, vijitabu vyangu kumi na kimoja. Cha saba kimebandikwa kwenye kibanda cha bariere yako kuzuia upepo, maandishi yakiwa miguu juu. Kinasema wazi kwamba bariere zote ziondolewe. Askari wako wamelala miezi minne chini ya uasi huo, na bado mnasema hamna ushahidi dhidi yangu?

Kwa hiyo ombi langu ni rahisi. Benoît atoke, mimi niingie. Nitakuja na blanketi langu. Sitahitaji chakula cha pekee, wala wakili, kwa kuwa nitajitetea mwenyewe, na hapo ndipo askari wako watakapojuta, lakini ni haki yao kujuta. Kama chumba kina dirisha upande wa matete nitashukuru. Kama hakina, ndege watapata wiki moja ya kupumzika. Niulize maswali yote uliyomwandalia yeye. Yote nitayajibu, hata yale usiyoyauliza.

Nakutakia afya na majibu mafupi kutoka kwa walio chini yako. Nisalimie Sajini Michée na wenzake wote wa zamu, nyumba yako huko ulikoiacha, na yule mpishi wa mahindi, kwa kuwa kosa halikuwa lake.

Ndimi, ninayesubiri pingu kwa unyenyekevu,

Ananie Syauswa

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha Benoît alipoingia uani, amevaa shali ya Mama Godelive, anakohoa lakini anacheka. Wamemwachilia tangu saa nne. Mama Godelive alikwenda bariere peke yake nilipokuwa nimefika namba mbili ya barua hii, akamwambia Sajini, "Mwanangu, huyu ni mugeni wetu na kifua chake kinagonjwa. Mutupatie." Wakampatia. Hakutaja haki yoyote.

Basi, Mukubwa, ninaondoa ombi langu lote. Mimi si hatari. Vijitabu vyangu havisomwi, na mtu aliyekwepa jina lake kwenye karatasi ya kutazama ndege hawezi kuangusha utawala wa mtu. Blanketi nimekwisha kulirudisha kitandani.

Nilitaka kuichana barua, lakini Mama Godelive amenipokonya. Anasema Benoît ndiye ataamua kama ipelekwe au isipelekwe, na ndiyo sababu nyongeza hii naiandika kwenye karatasi nyingine. Benoît amekaa kwenye kizingiti, mgongo juani, anaisoma polepole. Mwanzoni alikuwa anacheka. Sasa amefika namba nne.

Ameimaliza namba hiyo, na ameanza tena kuisoma hiyo hiyo. Mimi, kwa mara ya pili wiki hii, nimenyamaza.