Ukoo wa Malongo kwenye Karatasi Nne

Jumatatu, 2 Machi 1998. Mbuba.
Nimekwenda semina ya afya kambini Lukole. Nilifuata soda na maandazi, nimerudi na silaha! Muuguzi Niragira, mkimbizi kutoka Burundi, ametufundisha kuchora ukoo. Mwanamume mraba, mwanamke duara, mgonjwa unamtia weusi. Mfano wake ulikuwa selimundu, ule ugonjwa wa damu unaouma mifupa. Mtoto huugua akirithi kasoro kwa baba na kwa mama pia. Akiirithi upande mmoja anaibeba tu, mzima, wala hajui.

Nikamkumbuka Malongo, Msukuma wa Biharamulo mwenye baiskeli mpya, anayemposa Domisiana wangu. (Domisiana hajajua bado kwamba ni wangu.) Kaka yake Domisiana, Derick, ana selimundu. Baba yao, Mzee Pius, hataki kuona mjukuu akilia vile. Nikimletea ukoo wa Malongo uliojaa weusi, posa kwisha!

Jumatano, 4 Machi.
Lifti ya lori hadi kwa bibi yake Malongo, Bi Kwandu. Shikamoo kwa magoti yote mawili. Nikasema nafanya utafiti. Wa nani, hakuuliza. Akanipa maziwa, akaanza kuhesabu. Watoto kumi na mmoja, wote hai! Wajukuu hamsini na watatu, wote wazima, ila mmoja aliyepigwa teke na ng'ombe. Nikauliza kwa upole kama mateke ni ya ukoo. Alinitazama vibaya. Karatasi nne nimeziunganisha kwa gundi. Weusi hakuna hata tone.

Ijumaa, 6 Machi.
Balaa! Bi Kwandu aliomba abaki na mchoro auangalie vizuri. Kumbe ameupeleka kwa Mzee Pius! Mzee ameutundika sebuleni, anawaonyesha wageni. Nimempigia debe Malongo kwa mkono wangu mwenyewe. Dawa ni moja: ukoo wangu upendeze zaidi.

Jumamosi, 7 Machi.
Mama alikuwa anamenya ndizi. Nikamuuliza tulizaliwa wangapi. Sita, akasema. Mimi najua watano. Akaweka kisu chini. Alikuwepo Joan, aliyenifuata mimi. Alivimba vidole, alilia mifupa, akafariki akiwa na miaka mitatu.

Duara moja, nikalitia weusi kwa penseli. Basi baba na mama wote walibeba. Na mimi huenda nabeba! Nikachukua kifutio. Mama alirudi kuchukua sufuria, akanikuta nafuta. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Umemtoa Joan?"

Nikasema karatasi ilikuwa na doa.

"Nilimbeba mgongoni miaka mitatu, mwanangu. Mrudishe."

Nimemrudisha. Machozi yalinitoka. Moshi wa jikoni, bila shaka. Nimemweleza mchoro ni wa nini, naye ameniamuru nimwonyeshe Domisiana mwenyewe, kesho.

Jumapili, 8 Machi.
Nilimsubiri Domisiana baada ya misa. Nilikuwa na hotuba, ikapotea yote. Nikampa karatasi. Aliweka kidole kwenye duara la Joan. Akasema amelala chumba kimoja na Derick tangu utoto, kilio kile anakijua. Na yeye huenda anabeba. Kisha akauliza ule mchoro wa Malongo niliuchora kwa nini. Nikaungama. Alicheka hadi kilemba kikadondoka! Kumbe yeye alishamkataa Malongo tangu Krismasi, baba yake tu ndiye hajakubali kusikia.

"Modestus, twende kwa Niragira tukapime, wote wawili," akasema. "Tukishajua, ndipo uniambie hicho unachotaka kuniambia."

Ijumaa, 20 Machi.
Majibu! Siku kumi na mbili sikula vizuri. Mimi nabeba. Domisiana habebi! Niragira akatuchorea: kila mtoto wetu ana nusu kwa nusu ya kubeba kama mimi, lakini wa kuugua selimundu hayupo. Derick, aliyetusindikiza kwa fimbo, akapiga vigelegele, mwanamume mzima! Nikauliza, basi tukipata wawili, wa kwanza abebe na wa pili apone? Niragira akasema hapana, kila mimba inaanza upya, haikumbuki iliyotangulia. Nikatikisa kichwa kama niliyeelewa. Kisha nikamwambia Domisiana nilichotaka kumwambia. Alikubali kabla sijamaliza!

Jumapili, 29 Machi.
Mzee Pius ameridhika. Harusi baada ya mavuno. Jioni nimegundua jambo kubwa: shangazi yake Domisiana, Secilia, alizaa mapacha mara mbili! Nimechora haraka. Kwa hesabu yangu, Domisiana lazima apate mapacha, na mara mbili vilevile. Yeye anasema mambo hayaendi hivyo, nimuulize Niragira kwanza. Nimemjibu Niragira ana kazi nyingi. Nimepita kwa seremala Nshoma na kumwagiza vitanda vinne vya watoto. Akaniuliza mke yuko wapi. Nimemwambia aanze na vitanda.